Wimbo Alionitungia Mume Wangu

Kama umewahi kuhudhuria harusi pande za Singida miaka hii ya karibuni, huenda umeucheza wimbo alionitungia mume wangu. Hupigwa watu wakishakula, kelele zimepungua, pale emsii anapowaomba wazazi wa bibi harusi wasimame washikane mikono. Ni wimbo wa taratibu, wa mapigo matatu. Wazee waliocheza dansi ujanani huuita walsi. Nyumbani kwetu hatukuwa na jina la namna hiyo. Tulisema tu ni wa tatu: pigo moja zito, mawili mepesi, kisha unaanza upya, na miguu inakwenda hata kama moyo umekataa. Sauti ya kike unayoisikia kwenye kiitikio ni yangu.

Nilizaliwa Misigiri. Baba alikuwa mwalimu wa kwaya kanisani, mtu mkali asiyecheka na mtoto. Alitufundisha nyimbo kwa kupiga meza, kiganja kwanza, halafu vidole: paa, ti-ti, paa, ti-ti. Aliyekosea alipata kiganja hicho hicho mgongoni. Nyimbo nyingi za kitabu chetu zilikwenda kwa mwendo huo, kwa hiyo nilikua nao mwilini kama watoto wengine wanavyokua na makovu ya moto.

Mume wangu alikuja Misigiri na bendi yake kutoka Ikungi, kupiga kwenye harusi ya binti wa baba mdogo. Alikuwa mpiga gitaa, mrefu, mwenye vidole safi kuliko vya mkulima yeyote niliyemjua. Mchana ule wazee waliomba bendi isindikize wimbo wetu mmoja wa kanisani, na bendi ikauchafua. Kila tulipomaliza pigo la tatu wao walitafuta la nne, tukagongana nao hadi mwisho, watu wakacheka hadharani. Asubuhi iliyofuata, wakati wenzake wanapakia vyombo, alinifuata uani nilikokuwa nimekaa juu ya gunia la alizeti.

"Dada, ule mdundo mnaupigaje?"

"Nyie mnaongeza pigo ambalo halipo," nikamwambia.

"Nionyeshe."

Nilimshika kiganja nikampigia juu yake. "Zito. Jepesi. Jepesi. Ukifika hapo usisubiri, rudi mwanzo."

Aliupata upesi, upesi mno. Alipoupata alicheka kama mtu aliyeokota kitu njiani na kuona mwenyewe hayupo. Baada ya mavuno alirudi na wazee wake kuniposa.

Yeye alikuwa Mwislamu, mimi Mkristo, na hakuna aliyetaka kuhamia kwa mwenzake, kwa hiyo tulifunga ndoa bomani. Afisa alituuliza kama ndoa yetu ni ya mke mmoja tu au inaweza kuwa ya wake wengi. Mume wangu alijibu kabla sijafungua mdomo. "Andika inaweza." Alinikonyeza, kana kwamba ni mzaha wa wanaume na makaratasi. Nikatazama sakafu nikatia sahihi.

Ikungi tulianza vizuri, siwezi kusema uongo. Niliingia kwenye bendi kama mwitikiaji. Bendi nyingine zote zilikuwa zinakimbizana na muziki wa vijana, wa kurukaruka, sisi tukawa bendi ya nyimbo za tatu. Alitunga ya mama, ya posa, ya msafiri, na zote zilikuwa na mwendo niliompigia kiganjani. Watu wazima walitupenda. Nilikuwa nikisimama jukwaani nikiona mzee na mke wake wameshikana viuno, watu ambao nyumbani huenda hawakuwa wamegusana tangu mtoto wa mwisho azaliwe, wanazunguka polepole, na mzee anafumba macho. Nilijiona nimeolewa mahali pazuri.

Mtoto hakuja. Mwaka wa kwanza walisema nimechoka na safari za bendi. Baadaye wakaacha kunitafutia sababu. Mama mkwe wangu alikuwa na kibanda cha nyanya na vitunguu sokoni, na kila nilipopita kumsalimia, "Shikamoo mama," aliitikia "Marahaba" huku akitazama tumbo langu, kisha anarudi kupanga nyanya zake. Hakuwahi kunitukana. Alikuwa akiwaambia wateja wake, mimi nikiwa nimesimama hapo hapo, "Huyu mkwe wangu ana sauti nzuri sana. Mungu hakupi vyote."

Nilikwenda hospitali. Nesi aliyenipima alisema haoni tatizo kwangu, nimlete mume. Nilimweleza mume wangu akiwa anafunga nyuzi mpya kwenye gitaa. Hakuinua kichwa.

"Mimi siumwi," alisema. "Wanaoumwa ndio wanakwenda hospitali."

Halikuzungumzwa tena.

Mwaka ule mvua zilikatika mapema. Alizeti ilisimama mashambani imeinama kabla ya kujaza mbegu, mtama ukakauka wilaya nzima. Asubuhi moja nikipika uji nilimsikia akipiga kitu kipya chumbani. Kilikuwa cha tatu, kwa sauti ya chini, kizuri hata nikaacha mwiko ndani ya sufuria. Aliniita nikamsikilize. Ulikuwa wimbo wa mkulima:

*Nimelima, nimepanda,*
*mawingu yamekuja, yamekwisha,*
*shamba langu, nikuulize,*
*umenificha nini?*

"Kiitikio hakikai," aliniambia. "Kuna mahali panakwama."

Nilikaa naye kitandani tukakitengeneza. Mimi ndiye niliyemwambia neno *shamba* lidondoke kwenye pigo zito, na sauti ipande kwenye *umenificha* ili msikilizaji asubiri jibu. Tulifanya mazoezi hivyo kwa majuma, bendi nzima. Kila aliyeusikia alidhani ni wimbo wa ukame. Mpiga ngoma wetu, ambaye shamba lake lilikuwa limekufa lote, alitokwa na machozi.

Tuliupiga kwa mara ya kwanza kwenye harusi kubwa pale Ikungi. Kabla hatujaanza, mume wangu alichukua kipaza sauti, akanivuta mkono hadi mbele.

"Wimbo huu nimemtungia mke wangu," alisema. "Huyu hapa."

Watu walipiga makofi na vigelegele. Nilifurahi. Ninakumbuka kabisa nilivyofurahi, nilivyoshika kitambaa cha kichwani nikiona haya. Tukaanza. Wazazi wa bibi harusi wakasimama, wengine wakafuata, ukumbi mzima ukawa unazunguka. Nikaimba kiitikio mara ya kwanza, mara ya pili. Kisha akaimba ubeti ambao hakuwahi kuupiga kwenye mazoezi:

*Jembe langu halina kosa,*
*mbegu yangu ya ukoo bora,*
*mama, nitafutie shamba lingine,*
*hili limenishinda.*

Kwanza hakuna aliyecheka. Halafu meza ya wanawake waliotufahamu ikaelewa. Mmoja alijifunika mdomo kwa kanga, akamgusa jirani yake, na kicheko kikapita meza hadi meza kama moto kwenye nyasi kavu. Wifi zangu walikuwa mbele kabisa, wamesimama, wanapunga vitambaa. Mume wangu alinigeukia akanipa ishara kwa kidevu. Zamu yangu ya kiitikio ilikuwa imefika.

Nikaimba. Watu wameniuliza mara nyingi kwa nini sikushusha kipaza sauti nikaondoka. Wanaouliza hawajawahi kusimama jukwaani. Pigo zito lilishuka, miguu ya watu wale ilikuwa hewani inasubiri, na mdomo wangu ulifunguka wenyewe kama ulivyofundishwa na kiganja cha baba. *Shamba langu, nikuulize, umenificha nini?* Niliimba vizuri. Huo ndio wimbo tulioombwa kuurudia siku ile, na tuliurudia.

Nyumbani nilimuuliza.

"Kwa nini hukuniambia ule ubeti?"

"Ungekataa."

"Umenivua nguo mbele ya watu."

"Ni wimbo tu. Umeona watu walivyolia? Unataka niutupe kwa hasira zako?"

"Waliokuwa wanacheka je?"

Alifikiri kidogo, kwa dhati kabisa, kama mtu anayeulizwa jambo la kazi. "Wimbo mzuri una wa kulia na wa kucheka," akasema.

Mtu mmoja alikuwa ameurekodi kwa simu. Ukaingia kwenye memori kadi, ukaingia kwenye bodaboda, ukaingia kwenye spika za wauza viatu mnadani. Redio ya pale karibu ikaanza kuupiga mchana. Mama mkwe aliuweka uwe mlio wa simu yake, na kwa kuwa alikuwa haoni vizuri kitufe cha kupokea, simu iliachwa iite mpaka nimalize kuimba. Sokoni nilipata jina. "Shamba, karibu mchicha." "Shamba, umeamkaje?" Hawakusema kwa ubaya wote. Wengine walidhani ni jina la usanii na kwamba ninajivunia. Watoto wa shule walinifuata nyuma wakitembea kwa tatu, hatua moja ndefu na mbili fupi, na nilipogeuka walikuwa wamesimama wima kwa adabu. "Shikamoo mama."

Niliendelea kuuimba msimu mzima. Sikuwa na kazi nyingine, na wala bendi haikuwa na wimbo mwingine uliotakiwa.

Mama mkwe ndiye aliyeniletea habari za mke wa pili. Alikuja nyumbani, jambo ambalo hakuwa akilifanya, akakaa kwenye kochi na kuvua viatu.

"Mwenzako tumempata," alisema. "Binti mzuri, fundi cherehani, wa hapa hapa. Wewe hatukufukuzi. Sauti yako tunaihitaji."

"Kwa nini, mama?"

"Kwani sherehe itakwenda bila ule wimbo?"

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa mlangoni anakata kucha za mkono wa kulia, zile za kupigia gitaa. Alisema, "Usinitie aibu siku yangu."

Bibi harusi alikuwa msichana mdogo wa umbo, mwenye macho ya uoga. Gauni lake alilishona mwenyewe. Waliamua aingie ukumbini kwa wimbo ule, hatua kwa hatua, na mimi nimesimama jukwaani nikimwitia njia. Ulipofika ule ubeti wa *nitafutie shamba lingine*, mama mkwe alisimama akamwonyesha msichana kwa mikono yote miwili, kama mtu anayeonyesha mbuzi mnadani, na ukumbi ukapasuka kwa vigelegele. Nilimwona yule msichana akitabasamu kwa sababu kila mtu alikuwa anatabasamu. Nilimchukia kwa tabasamu lile. Nikaimba kiitikio chote, sikuruka neno. Kesho yake asubuhi, wageni wakiwa bado wanakunywa chai, nilifunga nguo zangu nikapanda basi la Misigiri.

Niliposhuka stendi nilipokelewa na sauti yangu. Muuza chipsi alikuwa na spika, na wimbo ulikuwa unapigwa. Kijana mmoja aliyekuwa akimenya viazi alikuwa akiuimba, kiitikio changu, kwa sauti nyembamba ya kuniigiza.

Baba alinisikiliza hadithi yote bila kunikatiza. Alikuwa amezeeka, mkono wake wa kupigia meza ukitetemeka.

"Nani alimfundisha kupiga tatu?" aliuliza.

"Mimi."

"Basi kalale."

Hayo ndiyo yote aliyonipa. Kanisani kwaya ilinipokea kwa shingo upande. Kiongozi wa sauti ya kwanza alisema labda nipumzike kwanza, waumini wasije wakachanganya nyimbo. Nilikwenda kufanya kazi kwenye mashine ya kukamua alizeti, kupepeta mbegu na kujaza mashudu kwenye magunia. Mashine ile ina kelele nyingi na haina mdundo wowote. Niliipenda kwa ajili hiyo.

Ni hapo mashineni nilipousikia ubeti mpya. Wasichana wawili walioleta alizeti yao walikuwa wakisubiri zamu, wanaimba chini chini. Nilipita nikasikia maneno nisiyoyajua:

*Shamba la pili nalo kavu,*
*mkulima, mbegu zako*
*ulizitoa ghala gani*
*zilizoliwa na fukusi?*

"Huo ubeti mmeutoa wapi?" niliwauliza.

"Ndivyo unavyoimbwa," mmoja alijibu, akinishangaa. "Huko Ikungi wote wanauimba hivyo."

Hakuna aliyejua aliyeutunga. Yule binti fundi cherehani alikuwa amekaa kwa mume wangu muda wa kutosha bila kushika mimba, na watu walikuwa wamehesabu, kama walivyonihesabia mimi. Nilikwenda nyuma ya ghala nikaketi juu ya mashudu nikacheka peke yangu hadi nikakosa pumzi.

Habari zilinifikia kupitia kwa mpiga ngoma, aliyekuwa akinipigia simu mara moja moja. Mume wangu aliacha kuupiga wimbo, lakini watu waliuomba. Alipokataa, waliuanzisha wenyewe, wakizunguka bila vyombo, ukumbi mzima ukiimba habari za fukusi na kumtazama. Kwenye harusi moja babu wa bwana harusi, mzee wa heshima kabisa, alimwendea jukwaani akamuuliza kwa upole, "Mwanangu, mbegu ulizitoa ghala gani?" Mume wangu alivunja gitaa kwenye ukingo wa jukwaa. Baada ya hapo hakuna aliyewaita tena, na bendi ikafa.

Alikwenda Sekenke kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu, mahali ambako mtu anaweza kuanza upya bila kuulizwa. Huko nako wimbo ulikuwa umefika. Wapondaji wa mawe waliuimba wakifanya kazi, nyundo nzito moja na mbili nyepesi. Mpiga ngoma aliniambia mume wangu aliponda mawe kwa mdundo ule kwa muda mrefu, amefunga mdomo, mpaka siku mtu wa Ikungi alipotokea akamtambua. Tangu siku hiyo walimwita Fukusi.

Niliulizwa kama nilimwonea huruma. Sikumwonea.

Mke mwenzangu alinijia Misigiri wakati wa kupepeta. Nilimwona akivuka barabara na begi moja, amekonda, kanga imefifia, nikamtambua kwa macho yale ya uoga.

"Shikamoo dada," alisema, akapiga goti kidogo.

"Marahaba. Umefuata nini huku?"

"Mama amenifukuza. Anasema nimemharibia mwanawe." Alibaki amesimama, hakuthubutu kuweka begi chini. "Nimekuja kukuuliza kitu kimoja. Ule ubeti wa fukusi, ni wewe uliyeutunga?"

"Sio mimi. Mimi ningeutunga vizuri zaidi."

Alianza kulia. Sikumnyamazisha. Niliendelea kupepeta, naye akalia hapo mbele yangu, makapi yakimwangukia miguuni. Alisema akipita sokoni wananiimba mimi kwanza, halafu wanamwimba yeye, kwa hiyo yeye anaimbwa zaidi. Alisema hajui kuimba na hapendi hata muziki, aliolewa kwa sababu mama yake alimwambia mpiga gitaa ana mikono laini.

"Wewe ulivumiliaje, dada?"

"Nilikuwa nalipwa makofi," nikamjibu. "Wewe hata hayo huna."

Niliona neno lile linavyomwingia. Niliona vizuri, na kwa kitambo kidogo nilijisikia vyema kabisa. Halafu nikampa maji, nikampa ugali na mlenda, akalala kwetu. Baba alimuuliza ni nani, nikasema ni ndugu yangu, na kwa lugha yetu ya nyumbani neno hilo halidanganyi sana. Kesho yake alipanda basi kwenda kwa shangazi yake Manyoni.

Tuliendelea kupigiana simu, sijui kwa nini. Manyoni alipata cherehani, kisha akapata mwanamume, fundi wa malori. Nilisikia alipopata ujauzito. Nilisikia alipojifungua, mtoto wa kike. Mwaka jana alinipigia akicheka, maneno yanamtoka kwa vipande.

"Dada, nimekwenda Ikungi. Nimekwenda makusudi. Nimembeba mtoto mgongoni mpaka kwenye kile kibanda."

"Kwa mama?"

"Kwake! Nikamsalimia kwa adabu zote. Nikachagua nyanya, dada, moja moja, nazigeuza. Mtoto akaamka akaanza kupiga kelele. Mama anatazama mtoto, anatazama mimi, mkono umemganda kwenye mzani. Wateja wote wanatutazama. Nikamwambia, mama, hizi zimeoza, nitanunua kwingine."

Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Tulicheka wote wawili, tukimwiga mama mkwe, tukiurudia mkono ulioganda. Wenzangu wa mashineni walinigeukia. Ilikuwa furaha kubwa kuliko zote nilizopata tangu nitoke Ikungi.

Kicheko kilipoisha, akauliza, bila kufikiri, kwa upendo tu:

"Na wewe dada?"

"Mimi nini?"

Mimi umri wangu wa kuzaa umekwisha kupita, na sikuolewa tena. Nesi wa zamani alisema haoni tatizo, ila kutoona tatizo si mtoto. Huenda ningezaa, huenda nisingezaa, na mwanamume aliyenizuia kujua anaponda mawe Sekenke. Nilisikia kwenye simu mtoto akianza kulia, kwa nguvu, kilio cha mtoto aliyeshiba siku zote.

"Ngoja nimnyonyeshe," alisema mke mwenzangu, akakata simu.

Mwenye mashine alinipigia kelele kwamba magunia yanasubiri. Nikaweka simu mfukoni, nikashika ungo.